Kuhesabu shule zinazopika si kuhesabu watoto wanaokula

Kila robo ya mwaka, katika mikoa ya Tanzania Bara, viongozi wa mkoa hukaa na wakurugenzi wa halmashauri, waganga wakuu na maofisa lishe kupitia mkataba wa lishe, ule ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliusaini na wakuu wa mikoa jijini Dodoma Septemba 2022 na ambao utekelezaji wake unakwenda hadi mwaka wa fedha 2029/30. Vigezo vinavyosomwa kwenye kikao ni vingi. Kinachotoka kwenye vyombo vya habari kesho yake mara nyingi ni kimoja: asilimia ya shule zinazotoa chakula cha mchana. Halmashauri iliyopanda hupongezwa, iliyobaki nyuma huagizwa ijirekebishe kabla ya kikao kijacho, na msomaji huambiwa kwamba kwa hatua hiyo udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu, utapungua na ufaulu utapanda.

Habari hizo zinabeba makosa mawili, na yote mawili yanawaumiza watoto maskini. La kwanza, sahani ya makande anayopewa mtoto wa darasa la tatu haiwezi kuondoa udumavu, kwa sababu udumavu hujengeka tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, muda mrefu kabla hajavaa sare. La pili, kigezo kinahesabu shule, hakihesabu watoto. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula hicho hutokana na michango ya wazazi, anayekikosa ni yuleyule aliyekihitaji kuliko wenzake. Naunga mkono chakula shuleni kwa nguvu zote. Ninachopinga ni namna tunavyokilipia, kwa sababu kinaongeza tofauti kati ya mtoto wa mwenye nacho na wa asiye nacho huku tukiamini tunaipunguza, na kinatupa kisingizio cha kutoifanya kazi ngumu zaidi ya miaka miwili ya mwanzo.

Tuanze na hali ilivyo. Mwaka 2010 watoto 42 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2015/16 ulikuta 34, na ule wa 2022 ukakuta 30. Ni maendeleo ya kweli. Lakini ukifungua takwimu za mikoa unakutana na jambo linalowashangaza wengi: mikoa inayolisha nchi ndiyo inayoongoza kwa udumavu. Mwaka 2022 Iringa ilikuwa na karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa takriban 50 kila mmoja. Iringa ilikuwa na 42 katika utafiti uliotangulia, maana yake hali ilizidi kuwa mbaya wakati wastani wa taifa ukishuka. Mtoto aliyedumaa hakosi urefu peke yake. Ubongo nao ulikuwa ukijengwa katika miezi ileile, na mtoto wa namna hiyo huchelewa kuanza shule, huelewa pole pole, na huwa katika hatari kubwa ya kukariri darasa au kuacha. Ongeza upungufu wa damu, ambao katika nchi yetu unawakumba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano, ongeza malaria na minyoo, na utaona kwamba pengo tunalolisoma kwenye matokeo ya darasa la saba lilianza kuchorwa kwenye kadi ya kliniki.

Iringa ina historia ambayo tumeisahau haraka mno. Mwaka 1983 ulianzishwa huko mpango wa lishe wa Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Wanakijiji waliwapima watoto uzito wenyewe siku ya afya ya kijiji, wakayajadili matokeo kwenye kamati yao, kisha wakaamua la kufanya: kupanga matunzo ya watoto wakati mama wako shambani, kuwapa uji mara nyingi zaidi kwa siku, kuwafuatilia wajawazito. Katika miaka michache utapiamlo mkali uliokuwa zaidi ya asilimia 6 ulishuka chini ya asilimia 2. Mfumo wa kufikiri uliozaliwa pale, wa kuangalia chakula, maradhi na matunzo kwa pamoja, UNICEF iliuchukua mwaka 1990 na kuufanya msingi wa kazi yake ya lishe duniani. Wataalamu wa nchi nyingine wanausoma mpaka leo. Mkoa ulioifundisha dunia sasa ndio unaoongoza kwa udumavu nchini, na sababu mojawapo ni kwamba kazi ile ilidai watu, vikao na fedha mwaka hadi mwaka, nasi hatukuendelea kuvitoa.

Sasa turudi shuleni. Januari 2016 Serikali ilianza elimu bila ada hadi kidato cha nne, na lilikuwa jambo jema: watoto waliokuwa wamebaki nyumbani walifurika darasa la kwanza. Ruzuku ya uendeshaji ilibaki shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Igawe kwa siku 194 za masomo, unapata kama shilingi 52 kwa siku, na hizo ni za chaki, vitabu, mitihani na ukarabati. Chakula hakimo. Waraka wa 2016 uliofafanua majukumu ya kila mmoja uliacha sare, madaftari na chakula cha wanafunzi wa kutwa mikononi mwa mzazi. Kwa hiyo amri ya kwamba kila shule itoe chakula ilipokuja, haikuja na fungu. Ilikuja na kikao cha wazazi, kamati ya shule, na makubaliano ya kilo za mahindi, kilo za maharage, hela ya mafuta na chumvi, hela ya mpishi, na wakati mwingine kuni.

Katika shule moja ya msingi ya Nyanda za Juu Kusini niliyoitembelea, jiko lilikuwa zuri, limejengwa kwa matofali ya wazazi, na masufuria mawili makubwa ya makande yalikuwa yameiva kabla ya saa saba. Mwalimu wa zamu alisimama pembeni ya mpishi akiwa na daftari. Jina likisomwa, mtoto husogea na bakuli lake. Waliokuwa hawamo kwenye daftari walikwenda nyuma ya madarasa kucheza mpira wa makaratasi, na wawili walibaki karibu na bomba wakinywa maji. Nilipouliza, mwalimu alinijibu kwa uchungu kwamba akiwapa wasiochangia, muhula ujao hatachangia mtu, na gunia litaisha Oktoba. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu kwa kanuni tulizompa alikuwa sahihi. Kwenye taarifa ya wilaya shule ile inahesabiwa kuwa inatoa chakula. Watoto wale wa bombani walirudi darasani na njaa, kipindi cha hisabati kilipoanza, wamekaa na wenzao walioshiba. Kabla shule haijaanza kupika, angalau wote walikuwa na njaa sawa.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja tatu, na hazina uzito sawa. Ya kwanza ni kwamba kulisha mtoto ni wajibu wa mzazi, na Serikali ikibeba kila kitu wazazi watajivua. Hoja hii siidharau. Shule ambazo wazazi wana hisa kwenye jiko huwa na usimamizi bora, na miradi iliyoletwa yote na wafadhili mara nyingi hufa siku mfadhili anapoondoka. Kenya walipokuwa na maziwa ya Nyayo, yaliyoanza 1979 na kugawiwa bure kwa kila mtoto wa shule ya msingi, mpango ulikuja kudhoofika na kutoweka fedha zilipokauka. Lakini kuna tofauti kati ya mzazi kuchangia na mtoto kuadhibiwa kwa kuwa mzazi hakuchangia. Rwanda wazazi wa shule za msingi huchangia sehemu ndogo ya gharama, Serikali ikibeba iliyobaki, na chakula kimepanuliwa kutoka awali hadi sekondari. Nairobi, kupitia mpango wa Dishi na County ulioanza 2023 kati ya kaunti na shirika la Food4Education, mtoto hulipia shilingi 5 za Kenya kwa kikuku anachokigusisha kwenye mashine, kiasi ambacho ni sehemu ndogo tu ya gharama ya chakula. Kwenye foleni ile mwalimu hasimami na daftari la michango. Mzazi ameshiriki, na sehemu kubwa ya mzigo imebebwa na bajeti ya umma.

Hoja ya pili ndiyo nzito, na watetezi wa lishe huikwepa. Inasema: fedha ni chache, afadhali ziende kwa walimu na madarasa, maana mtoto aliyeshiba katika darasa la watoto 120 bado hajifunzi. Ushahidi unaipa hoja hii nguvu ya kutosha. Huko Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, watafiti Christel Vermeersch na Michael Kremer walifuatilia shule za awali zilizopewa uji. Mahudhurio yalipanda wazi. Lakini alama zilipanda pale tu ambapo mwalimu alikuwa na mafunzo mazuri tangu awali, huku muda wa kufundisha ukiliwa na maandalizi ya chakula na madarasa yakijaa zaidi. Kremer huyohuyo, aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, alikuwa amefanya na Edward Miguel utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia kuanzia 1998. Utoro ulipungua kwa robo, alama za mitihani hazikusogea. Wanafunzi wale walipofuatiliwa miaka 20 baadaye, waliopata dawa kwa miaka mingi zaidi walikuwa na kipato cha saa cha juu kwa asilimia 13 hivi. Wapo wataalamu wanaobishana bado kuhusu ukubwa wa matokeo hayo, na ubishi huo ni halali. Hata hivyo somo moja halina ubishi mkubwa: afya humfikisha mtoto darasani, na akishafika anahitaji mwalimu.

Ila hoja hii hukata pande zote mbili. Hapa Tanzania, shirika la kiraia la Twaweza na watafiti wenzao walijaribu katika shule 350 za wilaya 10, mwaka 2013 na 2014, kupeleka ruzuku kamili ya fedha kwenye baadhi ya shule, motisha kwa walimu kwenye nyingine, na vyote viwili kwenye kundi la tatu. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Vilipounganishwa ndipo watoto walijifunza zaidi, na faida ilizidi jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Anayesema tuchague kati ya chakula na mwalimu ameuliza swali ambalo ushahidi hauliungi mkono. Na kwa mtoto maskini chakula kina uzito wa ziada: tathmini ya mpango wa kitaifa wa chakula shuleni nchini Ghana ilikuta ongezeko la wastani la ujifunzaji kwa wanafunzi wote kwa jumla, lakini kubwa zaidi kwa wasichana na watoto wa kaya maskini. Hao ndio ambao daftari letu la michango huwaacha nje. Kwa maneno mengine, tumetengeneza mpango wa chakula unaowalenga kwanza watoto ambao kitawasaidia kidogo zaidi.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu, na ndiyo inayosikika sana majukwaani: kwamba tatizo ni uelewa. Wanasema Iringa wana mahindi, viazi, maharage, mboga na matunda, wanawauzia wengine, kwa hiyo mama ndiye hajui kulisha. Dawa inakuwa semina, bango, na siku ya lishe ya kijiji yenye maonyesho ya vyakula. Elimu ina nafasi yake, na sehemu nyingi mtoto hulishwa uji mtupu wa mahindi kwa muda mrefu mno. Lakini mtazame mama huyo saa zake zinavyokwenda. Msimu wa kilimo anatoka kabla jua halijachomoza, shamba liko mbali, mtoto wa miezi kumi anabaki na dada yake wa miaka saba, na chakula ni kilichopikwa asubuhi. Maharage aliyovuna ndiyo fedha ya sare, ya hospitali na ya mbolea, kwa hiyo yanauzwa. Kuku wake hutaga, na mayai huenda gengeni. Mwambie aongeze yai na maziwa, atakuitikia kwa heshima, kisha atarudi kwenye hesabu zake zilezile. Kama ujinga ungekuwa ndio maelezo, kiwango kisingepanda kutoka 42 hadi 57 katika mkoa ambao semina za lishe hazijawahi kukoma. Na mpango wa 1983 ulifanikiwa kwa kugusa muda wa mama na kazi ya kijiji kizima, pamoja na elimu.

Ushahidi mzuri zaidi dhidi ya hoja ya uelewa umetoka kwa TASAF yenyewe, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Serikali. Mwaka 2010 mfuko huo ulijaribu ruzuku za fedha kwa kaya maskini katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, katika vijiji 80, nusu wakianza na nusu wakisubiri. Kaya zilizopokea hazikupewa mhadhara wa namna ya kutumia kila shilingi, ingawa zilitakiwa kupeleka watoto kliniki na shule. Tathmini ilikuta watoto wadogo wakiugua siku chache zaidi, kaya zikijiunga na bima ya afya ya jamii, na watoto, hasa wasichana, wakiwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza darasa la saba. Walinunua pia viatu vya watoto. Kwa anayejua safura inavyoingia mwilini, kupitia ngozi ya unyayo unaokanyaga udongo wenye mabuu ya minyoo, kile kiatu ni dawa na ni mahudhurio kwa pamoja. Maskini alijua. Alikuwa hana.

Kama ninavyosema ni kweli, mambo kadhaa yanafuata. Kigezo cha mkataba kibadilike, kiulize watoto wangapi waliohudhuria walikula, na kiwatenge watoto wa kaya zilizo kwenye orodha ya TASAF, ambayo halmashauri inayo tayari. Mzazi asiyechangia afuatwe na serikali ya kijiji kama deni lolote la kijiji linavyofuatwa, na mtoto wake ale. Fungu la kuwafidia wasio na uwezo liandikwe kwenye ruzuku ya uendeshaji, hata likianza na halmashauri chache zenye udumavu mkubwa. Kupika nako kusile masomo: shule inapowatuma wanafunzi kuni na maji asubuhi, tunachukua kwa mkono wa kushoto tulichotoa kwa wa kulia, na hili Busia walishalipima. Unga wa shule uongezwe virutubisho. Kanuni za 2011 za kuongeza virutubisho ziliwabana wasagaji wakubwa, ilhali unga mwingi wa vijijini hutoka mashine ndogo za mtaani ambazo hazijafikiwa vya kutosha. Hata ugawaji wa dawa za kichocho shuleni unategemea jiko, kwa kuwa dawa ile inapaswa kumezwa mtoto akiwa ameshiba, na wazazi wanaokumbuka watoto waliozirai kwa kuinywa na njaa hawakubali kirahisi kuileta tena shuleni kwao.

Kubwa kuliko yote ni kwamba chakula cha shule kisiruhusiwe kuchukua sifa ya kazi ya miaka miwili ya kwanza. Huko Kingston, Jamaica, kuanzia 1986, watoto 129 waliodumaa waligawanywa katika makundi. Baadhi walitembelewa nyumbani kila wiki na wahudumu wa afya wa mitaani, saa moja ya kumfundisha mama kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo na vitambaa. Wengine walipewa lishe ya nyongeza tu. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25, wakiwa wamewafikia wenzao ambao hawakuwahi kudumaa. Lishe ya nyongeza peke yake haikuacha alama ya kudumu. Tanzania ina watu wa kuifanya kazi hiyo: mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu zaidi ya 137,000, na tangu 2021 tuna programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali. Kinachokosekana ni fungu la kuwawezesha kufika kwenye mlango wa kaya kila wiki.

Fungu lililopo sasa ni shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka, kutoka mapato ya ndani ya halmashauri. Ni bei ya mayai matatu hivi. Na kwa kuwa linatoka mapato ya ndani, halmashauri yenye viwanda na stendi kubwa hulitoa bila jasho, wakati ile ya pembezoni yenye watoto wengi waliodumaa na mapato ya ushuru wa mazao pekee huhangaika kulikamilisha. Mpangilio huo unarudia ngazi ya halmashauri kosa lilelile la daftari la michango. Hazina inapaswa kuziongezea halmashauri kulingana na idadi ya watoto waliodumaa, fedha zianze na kaya zenye mjamzito au mtoto wa chini ya miaka miwili, na ruhusa ya kuzitumia itolewe mwanzoni mwa mwaka wa fedha, Julai, kabla msimu wa kilimo haujawachukua akina mama shambani.